Tokeni za kale katika mashamba ya England: mwongozo kamili wa kuzitafuta, kuzisoma na kuziandikisha

Kama umewahi kurudishiwa pipi dukani kwa sababu muuzaji hana chenji, basi tayari unajua tokeni zilitokana na shida gani. Katikati ya karne ya 17 England ilikuwa na sarafu za fedha na dhahabu, lakini chenji ya kununulia mkate mmoja au mshumaa haikuwepo. Vijisarafu vyembamba vya robo peni vilivyotengenezwa kwa kibali cha wafalme James I na Charles I watu walikuwa wamevichoka, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikavimaliza. Charles alikatwa kichwa Januari 1649, na serikali iliyomfuata haikuingiza sokoni sarafu yoyote ndogo ya shaba. Wenye maduka, baa na nyumba za wageni wakajitengenezea chenji yao wenyewe, nayo ndiyo tokeni. Kila mmoja aliandika jina lake, mji wake na alama ya kazi yake kwenye kijisahani cha shaba, na mteja akakipokea akijua kwamba akikirudisha dukani pale pale kitakubaliwa. Mambo yakaenda hivyo hadi Agosti 1672, Charles II alipotoa nusu peni na robo peni zake za shaba na kuzipiga marufuku za watu binafsi.

Ndiyo maana mimi naithamini tokeni ya mwenye duka kuliko sarafu ya mfalme. Sarafu inakwambia nani alitawala, na hilo limeshaandikwa vitabuni tangu zamani. Tokeni inakutajia mtu aliyeuza mishumaa katika mji ulio mwendo mfupi tu kutoka hapo uliposimama, na mara nyingi inakupa hata herufi ya kwanza ya jina la mkewe. Ili iseme hayo, mambo mawili lazima yawe salama: maandishi yasomeke, na mahali ilipookotwa pajulikane. Yote utakayoyasoma hapa chini yanalinda mambo hayo mawili.

Ruhusa kwanza, mashine baadaye

Nawaandikia hasa wasemaji wa Kiswahili walioko Uingereza, kwa kuwa huko ndiko tokeni hizi ziliko na ndiko mtu wa kawaida anaruhusiwa kuzitafuta kwa kitambua metali, ile mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa. Kuruhusiwa kwenyewe kuna masharti. Kila kipande cha ardhi kina mwenyewe, hata kile chenye njia ya miguu ya umma. Haki ya kupita haikupi haki ya kuchimba. Nenda kwa mwenye shamba, jitambulishe, mweleze unachotafuta, kisha muandikiane: nani anaingia, siku zipi, na kitakachopatikana kitagawanywa vipi. Kama shamba limekodishwa, pata ridhaa ya mwenye ardhi na ya mkulima pia. Jiunge na chama chenye bima ya madhara kwa watu wengine, kama National Council for Metal Detecting, kwa sababu wenye mashamba wengi huuliza kuhusu bima kabla ya kuuliza jina lako.

Maeneo ya kihistoria yaliyoorodheshwa na serikali usiyakaribie na mashine. Sheria ya mwaka 1979 inakataza kutumia kitambua metali humo bila kibali maalumu. Orodha na ramani zake zipo bure mtandaoni, kwa hiyo kila shamba jipya lianzie hapo.

Kisha kuna sheria ya hazina ya mwaka 1996, inayohusu England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Wengi hudhani kwamba tokeni, kwa kuwa ni ya shaba au risasi, haiwezi kamwe kuwa hazina. Tokeni moja iliyookotwa peke yake kwa kawaida si hazina, ni kweli. Lakini sheria hiyo inapotaja sarafu inajumuisha pia tokeni ya metali iliyotumika kama pesa au badala ya pesa. Ukikuta sarafu au tokeni kumi au zaidi zilizokuwa pamoja, zenye umri wa miaka 300 na kuendelea, hizo ni hazina hata kama ndani yake hamna chembe ya fedha wala dhahabu. Tokeni zote za 1649 hadi 1672 zimeshavuka umri huo. Ukiona ya pili na ya tatu zinatoka kwenye shimo lile lile, acha kuchimba, funika, na umwite ofisa wa mambo ya kale wa kaunti. Taarifa rasmi hupelekwa ndani ya siku 14 kwa ofisa wa mahakama anayechunguza vifo vya utata, ambaye kwa mila ya sheria za huko ndiye pia mwenye mamlaka ya hazina.

Scotland ina utaratibu wake: vitu vya kale vinavyopatikana ardhini ni mali ya dola na vinaripotiwa kwa kitengo cha Treasure Trove. Ireland ya Kaskazini inadai leseni, na Jamhuri ya Ireland hairuhusu kutafuta mambo ya kale kwa mashine bila kibali.

Kwa walioko nyumbani, neno moja la wazi. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Kenya ina sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006, na zote zinadai kibali kwa anayetafuta au kuchimba vitu vya kale. Kupitisha mashine Kilwa Kisiwani, Gede au kwenye magofu yoyote ya pwani ni kosa, na pia ni kuuvuruga ushahidi ambao wataalamu wetu bado wanaufanyia kazi. Hamu hiyo ipeleke makumbusho.

Shamba lipi?

Anza na ramani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni, bure, ramani za zamani za Ordnance Survey, idara ya ramani ya serikali, zinazohusu England, Wales na Scotland, na unaweza kuzilaza juu ya picha ya setelaiti ya leo. Tafuta njia za miguu zilizokufa, vivuko vya mito, nyumba za wageni zilizobomolewa, viwanja vya magulio na minada ya mifugo, njia iendayo kanisani. Watu waliangusha chenji pale walipofungua mikoba yao, walipopumzika na walipolewa.

Mahali ambapo wanaoanza hawapafikirii ni mashamba ya kawaida yanayozunguka miji ya zamani. Taka za mijini, pamoja na vinyesi vya vyooni, zilikusanywa na kupelekwa mashambani kwa mikokoteni kama mbolea. Chochote kilichoanguka sakafuni mwa baa au chooni kilikwenda nazo. Ndiyo sababu unaweza kuokota tokeni ya mjini katikati ya shamba ambalo halijawahi kuwa na nyumba. Dalili zake ni vigae vya vyungu, vipande vya viko vya udongo mweupe na maganda ya chaza juu ya ardhi iliyolimwa. Ukiviona hivyo, kaa hapo.

Kama uko Kent au Sussex, au magharibi huko Worcestershire na Herefordshire, uliza mashamba yaliyokuwa yakilimwa hopsi, ule mmea wa kutengenezea bia. Wakulima wake walikuwa na tokeni zao za risasi, nitazieleza mbele.

Msimu mzuri ni baada ya mavuno. Mabua marefu huizuia koili, lile duara la mashine linalopitishwa chini, isikaribie ardhi. Ardhi iliyolimwa, ikasawazishwa na kunyeshewa mvua ndiyo bora kuliko zote.

Mlio wa kitu kidogo

Robo peni ya karne ya 17 ina kipenyo cha milimita 15 hadi 17 hivi na uzito wa gramu moja hivi. Ni nyembamba. Mashine nyingi za kisasa huonyesha kwenye kioo namba inayokisia aina ya metali, na hii zitaipa namba ya chini au ya kati, jirani kabisa na karatasi ya aluminiamu na vifungulio vya makopo ya soda. Tokeni za risasi nazo huangukia katikati. Maana yake ni kwamba aliyeiamuru mashine inyamazie taka zote ameinyamazisha na tokeni. Ondoa uchujaji wote isipokuwa wa chuma, halafu chimba milio yote ya katikati inayojirudia sawasawa ukipita kutoka pande mbili. Utatoa taka nyingi. Ziweke mfukoni na uondoke nazo. Mwenye shamba ataona.

Usikariri namba za mtu mwingine kutoka mtandaoni. Namba hubadilika kwa aina ya mashine, unyevu wa udongo, kina na jinsi kitu kilivyolala. Kata kijisahani cha shaba ya njano chenye ukubwa wa robo peni, kifukie sentimita kumi kwenye bustani yako, kisha ukisikilize hadi sikio likizoee. Koili iende polepole, sambamba na ardhi, karibu kugusa, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia.

Kuchimba bila kuharibu

Kwenye nyasi, kata umbo la kwato kwa pande tatu, kunjua kipande kama kifuniko, chimba kidogo kidogo, kisha kirudishe na kukikanyaga. Kwenye shamba lililolimwa ni rahisi zaidi, ila usishuke chini ya udongo unaogeuzwa na plau. Kitu kilichomo kwenye udongo wa plau kimeshahama mahali pake pa asili. Kilicho chini yake huenda bado kimelala pale kilipoachwa, na hapo kazi ni ya mwanaakiolojia. Tumia kijiti cha kielektroniki cha kutafutia ndani ya shimo ili koleo lisikikwaruze kitu. Ukikutana na chuma kikubwa chenye umbo la kombora au bomu la mkono, acha, weka alama ya mahali, rudi nyuma na upige 999. Mabomu ya vita vya pili vya dunia bado yapo ardhini.

Tokeni imetoka. Usiisugue kwa kidole gumba. Najua mkono unawasha kutaka kuona maandishi, lakini tope la England lina chembe za mchanga, na gamba la kijani au la kahawia lililoikinga shaba kwa miaka 350 ndilo lenye maandishi yenyewe. Likiondoka, herufi zimeondoka nalo. Iweke kwenye kifuko kidogo cha plastiki pamoja na udongo wake, andika namba juu ya kifuko, na hapo hapo chukua mahali kwa simu: marejeo ya gridi ya taifa, yaani namba za mahali kwenye ramani za huko, yenye tarakimu 8 au 10. Tarakimu 8 zinakuweka ndani ya mraba wa mita kumi, 10 ndani ya mraba wa mita moja. Kuandika baadaye nyumbani hakutoshi. Jioni, ukiwa na vifuko saba mezani, kumbukumbu hukubaliana na chochote unachotaka kuamini.

Usafi, na mahali pa kuishia

Maji yasiyo na madini ya dukani (distilled water), yale ya kuongezea kwenye betri au pasi, si asidi ya betri, na subira. Loweka, acha udongo ulainike, uondoe kwa kijiti cha mianzi au mwiba huku ukitazama kwa lenzi. Kausha taratibu. Siki, ndimu, Coca-Cola, dawa ya meno, brashi ya waya: vyote hivyo vinakula gamba na kukuachia kijisahani cha rangi ya waridi kisicho na jina. Mafuta nayo yaache mpaka ofisa wa mambo ya kale aione, maana huficha dalili za ugonjwa wa shaba, ule unga wa kijani hafifu unaochipuka na kuendelea kula. Ukiuona unga huo, tenga tokeni hiyo mahali pakavu pamoja na vifuko vya silika, vile vya kunyonya unyevu.

Risasi ni sumu: nawa mikono kabla ya kula, usiiguse ukiwa na kidonda. Na usiihifadhi kwenye sanduku la mwaloni au kadibodi ya kawaida. Mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao hizo huigeuza risasi kuwa unga mweupe.

Kusoma: pima kwanza, kisha piga picha

Kabla ya kubahatisha jina, chukua kalipa na mizani midogo ya vito. Andika kipenyo, uzito na rangi ya metali. Vipimo hivyo vitatu peke yake vinakutoa kwenye karne moja na kukuingiza kwenye nyingine.

Kisha picha. Zima taa ya chumba, washa tochi moja na uiweke chini kabisa, karibu sawa na meza, ili mwanga uteleze juu ya uso wa tokeni. Herufi ambazo jicho halikuziona zitatupa kivuli. Piga, zungusha tokeni robo mzunguko, piga tena, hadi umalize pande zote. Herufi moja hujitokeza kwenye picha ya kwanza, nyingine kwenye ya tatu. Hakuna kemikali inayoishinda njia hii.

Tokeni za wenye maduka, 1649 hadi 1672

Hizi ndizo ninazozipenda kuliko zote, na ndizo zenye mpangilio unaosomeka hata zikiwa zimechakaa. Kuna zaidi ya aina 10,000, za robo peni na nusu peni, na chache za peni nzima. Nusu peni, zilizoshamiri miaka ya 1660, zina kipenyo cha milimita 19 hadi 21 hivi na mara nyingi huandikwa HIS HALFE PENY, yaani nusu peni yake.

Maandishi huzunguka ukingo na kuanzia juu, saa sita ya uso wa saa, penye kinyota au kijiua kidogo. Upande mmoja una jina la mtu, upande wa pili mji, ukitanguliwa na IN au OF. Katikati ya upande mmoja kuna picha, na katikati ya upande wa pili, mara nyingi, herufi tatu zilizopangwa pembetatu. Herufi ya juu ni ya jina la ukoo. Ya chini kushoto ni ya jina la mume. Ya chini kulia ni ya jina la mke. Wajane waliotoa tokeni zao wenyewe wapo, na wao huwa na herufi mbili tu.

Tufanye zoezi kwa mfano niliouunda, wa shamba la Kent. Umepima: milimita 16, gramu 0.9, shaba ya njano. Upande wa kwanza unasoma HOMAS BA, kisha pamefutika. Upande wa pili unaona IN MAYD, kisha pamefutika. Katikati kuna B juu, T na A chini. Mji ndio ufumbue kwanza, kwa sababu miji ni michache kuliko watu. MAYD katika Kent inakaribia kabisa kuwa Maidstone, kwani tahajia ya wakati ule haikuwa moja. Y ilisimama badala ya I, I badala ya J, V badala ya U, na mchongaji aliyekosa nafasi alikata neno popote. Herufi za pembetatu zinathibitisha kwamba jina la ukoo linaanza na B na la mume na T, kwa hiyo HOMAS ni THOMAS. A ni mke: Anne, Alice, Agnes, bado hatujui. Sasa una mji, jina, na nusu ya jina la ukoo, na hujamaliza hata kikombe cha chai.

Hatua ifuatayo ni hifadhidata ya Portable Antiquities Scheme, mpango ulioanza mwaka 1997 na unaosimamiwa na British Museum, wenye kumbukumbu za vitu zaidi ya milioni moja na nusu vilivyookotwa na watu kama wewe. Chuja kwa aina ya kitu, kwa kaunti, kisha kwa mji. Baadaye fungua katalogi ya Williamson ya 1889 hadi 1891, ambayo bado wataalamu wanataja namba zake. Imepangwa kwa kaunti, kisha mji, kisha jina. Ukishampata mtu wako, daftari za parokia zinaweza kukupa siku ya ndoa na jina kamili la A. Kumbukumbu za kodi ya majiko, iliyotozwa kati ya 1662 na 1689, zinaweza kukwambia nyumba yake ilikuwa na majiko mangapi, yaani alikuwa na uwezo kiasi gani.

Picha ya katikati nayo inasema kazi. Mapipa matatu ni muuza mvinyo. Mtu anayechovya mishumaa au mishumaa inayoning'inia ni mtengeneza mishumaa. Mizani na miganda ya ngano ni mwoka mikate. Kichwa cha msichana ni nembo ya wauza vitambaa vya thamani. Pia angalia ngao yenye vijiti vidogo vyenye vichwa, vitatu vitatu: hizo ni karafuu, nembo ya chama cha wauza viungo na vyakula vya dukani, na ni miongoni mwa picha zinazoonekana sana. Msomaji wa Unguja au Pemba atazitambua kabla ya Mwingereza. Karafuu zile lakini zilitoka Visiwa vya Maluku; mikarafuu ilifika Zanzibar karne ya 19. Picha za simba, kengele, taji au kulungu mara nyingi ni alama ya nyumba ya wageni. Hata hivyo picha isikuhukumie peke yake: wapo waliotumia nembo ya chama huku wakiuza vitu vingine kabisa.

Jetoni: hazikuwa pesa

Ukipata kijisahani chembamba sana cha shaba ya njano, milimita 20 hadi 28, chenye waridi katikati limezungukwa na mataji matatu na maua matatu ya yungiyungi, na upande wa pili tufe lenye msalaba ndani ya matao matatu, hiyo ni jetoni ya Nuremberg, Ujerumani. Zilikuwa za kuhesabia. Mfanyabiashara alizisogeza juu ya ubao au kitambaa chenye mistari, kabla ya tarakimu tunazotumia leo na kalamu kuiondoa njia hiyo.

Jina unalokutana nalo sana ni Hans Krauwinckel, yule wa pili, aliyefanya kazi kati ya 1586 na 1635. Mafundi hawa walipenda methali. HEUT RODT MORGEN TODT: leo una rangi ya uhai, kesho maiti. GOTES SEGEN MACHT REICH ni Mithali 10:22, ile tunayoisoma kwenye Biblia yetu, baraka ya Bwana hutajirisha. Tahajia hubadilika toka jetoni moja hadi nyingine. Na kama herufi hazileti neno lolote, usijilaumu: nyingi za mapema za Nuremberg, hasa zile zenye picha ya meli, zilichongwa herufi zisizo na maana. Jetoni za Kiingereza, za mwisho wa karne ya 13 na karne ya 14, mara nyingi zina tundu au kishimo katikati, ili zisipakwe fedha na kupitishwa kama peni.

Risasi isiyo na jina

Tokeni za risasi zilimiminwa kienyeji kuanzia zama za kati hadi karne ya 19. Zina ua la petali sita, msalaba wenye nukta kwenye pembe, gridi, nanga, au herufi mbili tu, na kuzipa tarehe kamili kwa kawaida haiwezekani. Hapa mahali pa kuokotwa ndipo panabeba kila kitu. Zile za mashamba ya hopsi ni afadhali: zina herufi za mkulima na namba kama 1, 6, 12, 24, 60 au 120, hesabu ya vipimo alivyojaza mchumaji, na zilikombolewa kwa pesa mwisho wa kazi. Ukipata tokeni tatu zenye herufi moja katika shamba moja, nenda na herufi hizo kwenye orodha za wamiliki zilizoambatana na ramani za zaka za miaka ya 1840.

Huko Scotland utakutana na vibamba vya risasi vya mstatili au duaradufu vyenye jina la parokia, herufi za mchungaji na mwaka. Hivyo ni vya kanisa: mshirika alikabidhiwa kimoja kama uthibitisho kwamba anastahili kukaribia Meza ya Bwana.

Nusu peni nzito za 1787 hadi 1797

Chenji ilikauka tena karne ya 18. Mwaka 1787 kampuni ya mgodi wa shaba wa Parys, kisiwani Anglesey, ilitoa peni yenye kichwa cha kuhani wa kale mwenye ndevu na kofia ya joho. John Wilkinson, mwenye viwanda vya chuma, akatoa zenye sura yake mwenyewe. Miji na maduka vikafuata, hadi mwaka 1797 mitambo ya Matthew Boulton huko Soho, Birmingham, ilipotengeneza peni kubwa za serikali. Nusu peni za kundi hili zina milimita 28 au 29, nene, na siri yake iko ubavuni. Zungusha ukingo chini ya lenzi: mara nyingi kuna maneno PAYABLE AT na jina la mahali zilipokombolewa. Uso ukiwa umefutika, ukingo unaweza kukupa jibu.

Moja ya kundi hili kila mmoja wetu angeijua kwa macho. Ina mtu mweusi aliyepiga goti, mikono yake imefungwa minyororo na kuinuliwa, na maneno AM I NOT A MAN AND A BROTHER: je, mimi si mtu na ndugu? Picha hiyo ilitoka kwa wapinga biashara ya watumwa wa London mwaka 1787, ikapigwa kwenye tokeni za miaka ya 1790. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873. Fikiria mfanyakazi wa kiwandani akipewa chenji ya bia yake na swali hilo likiwa kiganjani mwake. Ukiiokota, hata iliyosagika, iandikishe kwa mahali pake kamili, kwa sababu inaonyesha swali lilifika wapi.

Zinazodanganya

Kijisahani cha rangi ya dhahabu, milimita 22, mpanda farasi na maneno TO HANOVER, mwaka 1837: ni tokeni ya mchezo. Victoria alipokuwa malkia, Hanover, nchi ya Kijerumani iliyokuwa chini ya mfalme wa Uingereza, haikumkubali mwanamke, ikaenda kwa ami yake. Nyingine ina kichwa cha mfalme George III, ngao yenye umbo la koleo na miaka ya 1790, lakini pembeni imeandikwa IN MEMORY OF THE GOOD OLD DAYS. Zote mbili zinaiga sarafu za dhahabu, na mizani inamaliza ubishi: gini halisi ya dhahabu ina gramu 8.35 hivi, pauni ya dhahabu 7.98. Ya shaba ni nyepesi kwa mbali.

Vifungo vya nguo vilivyopoteza kishikio huacha kovu la duara katikati ya mgongo. Mihuri ya risasi ya marobota ya vitambaa au kitani huwa na visahani viwili vilivyobanwa pamoja. Ikiwa na herufi za Kirusi, ilikuja na shehena za karne ya 18 au 19. Uzito wa kupimia dhahabu una picha ya sarafu upande mmoja tu.

Za karne ya 19 na 20, kama za vyama vya ushirika, baa, tramu na migodi ya makaa, hujieleza zenyewe kwa maandishi. Angalia tu jina dogo la mtengenezaji chini. Wengi walikuwa Birmingham, mji ule ule ulikotengenezwa sehemu ya senti zetu za tundu za Afrika Mashariki: H ni Heaton, KN ni King's Norton.

Kwa walioko Marekani: tokeni za vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyingi za 1863, zina milimita 19 kama senti ya wakati ule, na tokeni za maduka za baadaye mara nyingi huandikwa GOOD FOR na kiasi. Ardhi ya serikali kuu usiiguse. Sheria ya Marekani, nayo ya mwaka 1979, inalinda mabaki ya kale yaliyozidi miaka 100.

Kuandikisha

Peleka ulichopata kwa ofisa wa mambo ya kale wa kaunti yako, yule wa Portable Antiquities Scheme. Ni bure, na tokeni itarudi kwako. Mpe kifuko chenye namba, gridi, tarehe, kipenyo, uzito na picha za mwanga wa pembeni. Mweleze pia ulichokipata karibu yake. Hadharani hifadhidata haionyeshi mahali kamili, hivyo shamba la mwenyeji wako halitavamiwa.

Mwenye shamba mpe nakala ya kumbukumbu hiyo. Ukiwa umempata Thomas na mkewe kwenye daftari za parokia, mpelekee na hilo. Familia nyingi za wakulima zimekaa hapo vizazi vingi, na majina hayo huenda wanayajua makaburini. Tokeni yenyewe ihifadhi kwenye kifuko cha plastiki ya politheni chenye kitobo kidogo, ndani ya boksi lenye silika, na namba ile ile uliyoiandika shambani ibaki juu yake.